Njia Iliyoachwa na Askari wa Forodha

Hotuba iliyotolewa mbele ya jumuiya ya wazungumzaji wa Kiswahili mjini Bristol, kabla ya matembezi ya kiangazi

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, vijana, na watoto mliofuatana na wazazi wenu, Assalaam alaykum, na kwa wote habari za jioni.

Kamati ya matembezi imeniomba nizungumzie njia ya miguu inayoizunguka rasi ya kusini-magharibi mwa Uingereza, ile inayojulikana kwa jina la South West Coast Path, kwa kuwa matembezi yetu yote ya kiangazi hiki yatafanyika juu yake. Picha za majabali na mawimbi kila mmoja wenu anazo kwenye simu yake, na sioni faida ya kuwaeleza kwa maneno kile mtakachokiona kwa macho. Ninachotaka mkijue kabla hamjafunga viatu ni jinsi njia hiyo ilivyopatikana. Haikuwekwa na maumbile, wala haikutolewa na wenye mashamba kwa ukarimu wao. Ilikanyagwa na askari waliotumwa kuwakamata watu, ikaachwa, ikadaiwa upya kwa nguvu ya sheria, na hadi leo ipo kwa sababu wapo watu ambao kazi yao ni kuisogeza kila genge, yaani ukingo mkali wa pwani, linapoanguka.

Njia inaanzia Minehead, katika jimbo la Somerset, ikafuata ukingo wa bahari kupitia Devon ya kaskazini, Cornwall yote, Devon ya kusini na Dorset, hadi South Haven Point kwenye mlango wa bandari ya Poole. Urefu wake ni kilomita 1,014, yaani zaidi ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi kwa barabara na kurudi. Lakini urefu peke yake haumtishi mtu aliyezoea kutembea. Kinachowachosha wengi ni kupanda. Anayeimaliza yote huwa amepanda, tukijumlisha kilima kimoja baada ya kingine, mita zipatazo 35,000, ambazo ni karibu sawa na kuupanda Kilimanjaro mara sita kuanzia usawa wa bahari. Na bado sehemu yake ya juu kuliko zote, kilele cha Great Hangman karibu na kijiji cha Combe Martin, ina mita 318 tu. Sababu ni kwamba nchi ile imekatwakatwa na vijito vingi vinavyoshuka baharini, na kila kijito kimejichimbia bonde lake. Njia inateremka hadi mdomoni mwa kijito, inavuka kidaraja cha mbao, inapanda tena ng'ambo, na ukifika juu unaliona bonde la pili mbele yako. Katika sehemu hizo kilomita mbili za ramani huweza kula saa nzima, na anayepanga safari yake kwa kuhesabu kilomita peke yake hujikuta gizani.

Sisi tuliokulia kwenye pwani ya Waswahili tumezoea bahari inayoanza kwa mchanga na mikoko, au kwa jabali la matumbawe lisilozidi urefu wa nyumba. Huku mawe ni mengi na ya kila namna, na hubadilika kadiri unavyotembea. Huko Hartland, karibu na mpaka wa Devon na Cornwall, tabaka za mawe zenye umri wa zaidi ya miaka milioni 300 zimekunjwa zikawa pembe kali, nyingine zikielekea juu na nyingine chini, na mawimbi yamezikata mbele yako kiasi kwamba unaweza kuufuata mkunjo mmoja kwa kidole kuanzia mchangani hadi juu ya genge. Land's End, ncha ya magharibi kabisa, ni graniti, jiwe lililopoa kutoka moto wa chini ya ardhi, nalo limepasuka kwa mistari iliyonyooka hata utadhani ni kazi ya mwashi. Rasi ya Lizard, ambayo ndiyo ncha ya kusini kabisa ya bara la Uingereza, ni kipande cha sakafu ya bahari ya kale kilichosukumwa juu ya nchi kavu. Jiwe lake huitwa serpentini, lina rangi ya kijani kibichi na wekundu wa damu, na wenyeji hulichonga wakatengeneza minara midogo ya taa ya kuwauzia wageni. Jiwe hilo hilo limetumika kutengenezea ngazi za kuvukia nyua za mashamba, na kwa kuwa limekanyagwa na viatu vya miaka mingi limekuwa laini kama sabuni. Mvua ikinyesha, tafadhali shukeni ngazi hizo kinyumenyume mkiwa mmeshika mawe kwa mikono, na asiwepo wa kuona haya.

Upande wa Dorset mambo ni mengine kabisa. Pale majabali ni mawe ya chokaa, udongo mgumu na chaki, nayo yalijengeka chini ya bahari na mabwawa katika kipindi cha miaka ipatayo milioni 185. Sehemu hiyo, pamoja na kipande cha Devon ya mashariki, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Ni katika majabali ya Lyme Regis ambako Mary Anning, binti wa seremala maskini, aliyezaliwa mwaka 1799, alikuwa akitoka baada ya dhoruba na nyundo yake kutafuta mifupa iliyogeuka mawe, akaifukua mijusi mikubwa ya baharini ambayo wanasayansi wa London walikuwa hawajaijua. Chama cha wanajiolojia hakikuwaruhusu wanawake kuwa wanachama, kwa hiyo mabwana wengi waliandika makala kwa kutumia mifupa aliyoifukua yeye.

Sasa nije kwenye njia yenyewe.

Katika karne ya 18 serikali ya Uingereza ilitoza ushuru mkubwa kwa chai, brandi, tumbaku na hariri, na kama ilivyo kila mahali ushuru unapozidi, magendo yalistawi. Pwani ya kusini-magharibi ilifaa kuliko nyingine zote. Ina mamia ya vihori, yaani vighuba vidogo, vilivyofichwa na majabali, iko karibu na Ufaransa na visiwa vya Channel, na wakazi wake walikuwa wavuvi hodari wasioipenda serikali iliyo mbali. Mwaka 1822 vikosi mbalimbali vya kuzuia magendo viliunganishwa kuwa chombo kimoja, Walinzi wa Pwani, na askari wake wakapewa zamu za kutembea kwa miguu usiku na mchana kutoka kituo kimoja hadi kingine. Mlinzi aliyepita mbali na ukingo hakuweza kuona kilichokuwa kikishushwa kwenye kihori chini yake, kwa hiyo alilazimika kupita pale pale ukingoni, akiingia kila kona na kuchungulia kila ufa. Ndiyo maana njia ya leo ina tabia ile inayowashangaza wageni: haitafuti mkato hata kidogo. Mahali ambapo mkulima au mchungaji angekata moja kwa moja kuvuka shingo ya rasi, yenyewe inakwenda hadi puani mwa rasi, inazunguka, inarudi. Njia ya mtu anayekwenda sokoni haifanyi hivyo.

Mkitazama vizuri mtaona pia safu za nyumba nyeupe, zimeshikana, zimejengwa juu ya ghuba mahali ambapo hakuna shamba wala bandari ya maana. Hizo zilikuwa nyumba za walinzi. Askari hao hawakupendwa vijijini, na desturi ilikuwa kuwaleta kutoka sehemu nyingine ili wasiwe na undugu na wale waliotumwa kuwapeleleza. Kupanga chumba kwa mwenyeji ambaye shemeji yake unamvizia usiku kusingewezekana, kwa hiyo serikali ikawajengea. Leo nyumba hizo zinauzwa kwa bei ambayo mlinzi wa siku zile hangeipata kwa mshahara wa maisha yake yote, na nyingi hukaa tupu msimu wa baridi.

Zamu hizo za miguu ziliisha mwanzoni mwa karne ya 20. Magendo ya aina ile yalikuwa yamekufa, na njia isiyokanyagwa, katika nchi yenye mvua, humezwa na miiba na nyasi upesi sana. Baadhi ya sehemu zilibaki kwa kuwa wanakijiji walizitumia. Nyingine zilizungushiwa nyua, na mtembeaji akafukuzwa na mbwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Bunge likapitisha sheria ya mwaka 1949 iliyoanzisha hifadhi za taifa na kuweka utaratibu wa njia ndefu za umma. Sheria hiyo, kwa maoni yangu, ni moja ya mambo mazuri sana yaliyofanywa na serikali ya nchi hii katika karne iliyopita, ingawa utekelezaji wake ulikwenda kwa mwendo wa kobe. Ilibidi kila halmashauri ichore ramani rasmi ya njia za umma, na pale ambapo haki ya kupita ilikuwa imepotea au haijawahi kuwapo, ilibidi kuzungumza na kila mwenye shamba, mmoja baada ya mwingine. Kipande cha Cornwall kilizinduliwa mwaka 1973, miaka 24 baada ya sheria. Devon ya kusini na Dorset vikafuata mwaka 1974, na kipande cha mwisho, Somerset na Devon ya kaskazini, kikafunguliwa mwaka 1978. Chama cha watembeaji kilichoundwa mwaka ule wa 1973 kingali hai, na ndicho kinachokusanya michango na kuzipigia kelele halmashauri zinapozembea.

Naomba hapa tuelewane jambo moja la kisheria, kwa sababu nimesikia baadhi yetu wakisita kuingia kwenye malango wakidhani wanaingia kwa mtu. Ni kweli mnaingia kwa mtu. Ardhi nyingi inayopitwa na njia ina mwenyewe: ni mkulima, ni halmashauri, ni jeshi, au ni National Trust, taasisi ya hiari ambayo tangu mwaka 1965 imekuwa ikichangisha fedha za kununua ardhi ya pwani na ambayo leo inatunza zaidi ya kilomita 1,200 za ukingo wa bahari. Lakini umiliki wa ardhi ni kitu kimoja, na haki ya umma kupita juu yake ni kitu kingine, na haki hiyo haimtegemei mwenye ardhi awe amekupenda au hakukupenda. Haiulizi paspoti wala kodi ya nyumba. Tafuteni nguzo yenye alama ya tunda la mwaloni. Mkiiona, piteni, salimieni watu, fungeni lango nyuma yenu ili kondoo wasitoke, na msiombe radhi kwa kuwapo.

Nyumbani mara nyingi tunajadili suala hili kwa namna nyingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na watu wengi huisoma kana kwamba imewapa njia. Haikuwapa. Kuzuia ukuta usijengwe ni jambo jema, lakini mita 60 zisizo na ukuta bado si njia iliyochorwa kwenye ramani, yenye kibao, yenye daraja, na yenye mtu anayelipwa kukata nyasi.

Kwa upande wa huku, sheria nyingine ilipitishwa mwaka 2009, inayohusu bahari na pwani, nayo ikaamuru njia ya umma izunguke pwani yote ya England. Wales waliwahi kumaliza ya kwao mwaka 2012, kilomita zipatazo 1,400, na kuwa nchi ya kwanza yenye njia rasmi kandokando ya pwani yake yote. Ninachokipenda katika sheria ya 2009 ni kifungu kinachoruhusu njia irudi nyuma. Hapo awali, genge likianguka na njia likaondoka nayo, haki ya kupita ilianguka baharini pamoja na udongo, na mazungumzo na mwenye shamba yakaanza upya. Kwa sheria mpya, mahali palipopangwa hivyo, mstari wa njia unaweza kuhamishwa kuelekea bara kadiri bahari inavyosonga. Mtakapofika Dorset mtaona maana yake. Mtakuta nguzo mpya imesimama ndani ya shamba, nyasi zimekatwa njia changa, na hatua chache upande wa bahari mabaki ya njia ya zamani yanaishia hewani, pengine na kipande cha uzio kikining'inia kwa waya. Katikati ya Axmouth na Lyme Regis ipo sehemu ambayo siku za Krismasi ya mwaka 1839 shamba zima liliteleza kuelekea baharini na kuacha bonde jipya nyuma yake. Leo pale pamekuwa msitu, na njia inapita ndani yake kwa kilomita kama 11, hakuna mlango wa kutokea ila mwanzo na mwisho. Sehemu hiyo haimo katika ratiba yetu ya mwaka huu, na nadhani kamati imefanya busara.

Si kila mahali mtembeaji ameshinda. Mashariki ya ghuba ya Lulworth jeshi lina uwanja wa kulengea shabaha kwa vifaru, na njia ikifika hapo inakuta lango la chuma lenye bendera nyekundu. Mnamo Desemba mwaka 1943, katikati ya vita, wakazi wapatao 225 wa kijiji cha Tyneham na mashamba yaliyokizunguka waliamriwa kuhama ili majeshi yafanye mazoezi. Walibandika barua kwenye mlango wa kanisa wakiwaomba askari wayatunze majengo, kwa kuwa wao wangerudi siku moja. Vita vikaisha, jeshi likabaki, na wao hawakurudishwa. Kanisa na shule vimetunzwa kama makumbusho, nyumba nyingine ni kuta bila paa. Njia hufunguliwa wikendi nyingi na wakati wa likizo, na ukipita huna ruhusa ya kutoka nje ya vigingi vya manjano, kwa kuwa mabomu yasiyolipuka bado yamo ardhini. Jambo la ajabu ni kwamba, kwa kuwa hakuna kilimo cha kemikali wala hoteli iliyojengwa huko tangu wakati ule, wadudu na maua ya pori yamestawi kuliko kwingine. Wapo wanaotumia hoja hiyo kulitetea jeshi. Mimi huisikiliza kwa adabu, kisha nawakumbuka walioandika barua.

Kuna mahali pamoja kwenye njia hii ambapo ningependa kila Mzanzibari aliyemo humu afike. Ni ghuba ndogo ya Porthcurno, kilomita chache kutoka Land's End, mchanga mweupe katikati ya magenge mawili ya graniti. Mwezi Juni mwaka 1870 waya wa telegrafu uliotandazwa chini ya bahari uliingizwa nchi kavu mahali pale, ukiwa ni ncha ya mlolongo uliopitia Gibraltar, Malta, Misri na Aden hadi Bombay. Mwezi Oktoba mwaka huo huo Sayyid Barghash alikalia kiti cha enzi Unguja. Miaka tisa baadaye, mwaka 1879, tawi la mlolongo huo lilitandazwa kutoka Aden hadi Zanzibar, na kuendelea Msumbiji hadi Durban. Kabla ya hapo barua ya Unguja ilisafiri kwa meli wiki kadhaa kufika London. Baada ya hapo bei ya karafuu na habari za mashua zilizokamatwa zilifika kabla wino haujakauka sawasawa. Mwezi Agosti mwaka 1896, Khalid bin Barghash alipoingia kasrini, balozi wa Uingereza aliomba kwa telegramu idhini ya London ya kutumia manowari, akajibiwa, na tarehe 27 mizinga ikapigwa. Kwa kasi ya barua za zamani, mambo yale yangekwenda kwa mwendo mwingine kabisa.

Jengo la kampuni ya telegrafu huko Porthcurno leo ni makumbusho, na juu ya mchanga kipo kibanda cha mawe ambamo waya zilikuwa zikiingia, kila moja na jina la mji wake ubaoni. Njia yetu inapita juu ya ghuba hiyo, kisha inapanda ngazi kali zilizochongwa kwenye genge, kando ya uwanja wa maonyesho uitwao Minack, uliojengwa kwa mikono kuanzia mapema miaka ya 1930 na mwanamke mmoja, Rowena Cade, pamoja na mtunza bustani wake. Siwezi kuuzungumzia sana kwa kuwa muda hautoshi, ila ngazi zile nawaombeni mzipande polepole.

Kaskazini kidogo ya hapo, Botallack, nyumba mbili za mitambo ya mgodi zimesimama kwenye mwamba karibu kabisa na mawimbi. Watu walichimba bati na shaba, na mashimo yao yaliendelea chini ya bahari kiasi kwamba siku za dhoruba wachimbaji walisikia mawe yakibingirika juu ya vichwa vyao. Migodi ilipofilisika, watu wa Cornwall walitawanyika kwenda Afrika Kusini, Australia na Mexico kutafuta vibarua. Hadithi ya kuvuka bahari kwenda kutafuta riziki haikuanza na sisi, na wazee wa huko, ukiwaeleza kwa nini umekuja nchi hii, wengi hawahitaji maelezo marefu.

Nimalizie na yale ambayo mwenyekiti wa kamati amenisisitizia, yaani usalama.

La kwanza ni maji. Mlango wa bahari wa Bristol una tofauti ya kujaa na kupwa iliyo miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Wakati wa bamvua, maji hapa kwetu hupanda mita 12 na zaidi, ilhali Unguja bamvua kubwa huwa kama mita nne. Aliyezoea kupima maji ya Unguja kwa jicho asijiamini hapa. Maji hujaa upesi na huingia kwa nyuma yako, yakikufungia kwenye kihori kisicho na pa kupandia. Msishuke kwenye mchanga kwa mkato bila kuangalia jedwali la maji. Kwa wale watakaokwenda Devon ya kusini mwezi wa nane, mto Erme hauna daraja wala kivuko mahali njia inapoukata. Unavukwa kwa miguu, viatu mkononi, katika saa moja kabla na saa moja baada ya maji kupwa kabisa, na siku ya mvua kubwa hauvukwi hata maji yakiwa yamekupwa. Aliyechelewa huzunguka kwa barabara kilomita nyingi, na basi ni adimu.

La pili ni ukingo. Nyasi zilizo juu ya genge mara nyingi hazina kitu chini yake, kwa sababu bahari imelila jiwe kwa ndani. Picha ya mtu aliyekaa miguu ikining'inia ni nzuri mpaka siku ile ardhi inapokatika. Kaeni mita kadhaa ndani, hasa upepo ukivuma, na mkiwa chini mchangani msipumzike chini ya genge. Mtu akiumia, pigeni 999 na mwombe Walinzi wa Pwani, si polisi. Ndio wenye kamba, na ndio wanaoziita mashua za uokoaji. Ni walewale, wamebadilishiwa kazi.

Ng'ombe wenye ndama nao waacheni na nafasi yao. Vijana wa mjini huwadharau.

Matembezi ya kwanza hayatakuwa ya kutisha. Tutakwenda Lynmouth, kwenye mwambao wa Exmoor, mwendo wa saa mbili na kitu kwa basi. Kijiji hicho kidogo kimekaa mahali mito miwili inapokutana, na usiku wa tarehe 15 Agosti mwaka 1952 mito hiyo ilifurika baada ya mvua kubwa iliyonyesha juu ya milima, ikaua watu 34 na kubomoa nyumba nyingi; mtayaona mawe makubwa yaliyokokotwa na maji siku ile. Wazee hawatapanda genge kwa miguu. Kipo kitoroli cha reli kilichofunguliwa mwaka 1890 ambacho hadi leo hakitumii umeme wala mafuta. Vibehewa viwili vimefungwa kwa kamba moja, kimoja juu na kimoja chini. Kila kimoja kina tangi la maji chini ya sakafu, na matangi hujazwa kwa maji ya mto. Dereva wa chini humwaga maji yake kidogo kidogo mpaka kibehewa cha juu kiwe kizito zaidi, na kinaposhuka kinamvuta mwenzake apande. Wanaopenda mambo ya ufundi wasimame karibu na dereva, wasikilize maji yakitoka.

Kutoka juu, kijijini Lynton, tutafuata njia ya pwani kuelekea magharibi hadi Bonde la Majabali. Njia hapo ina sakafu ngumu, imechongwa ubavuni mwa mlima, bahari ikiwa chini kulia, na hata kwa mwendo wa watoto haizidi saa moja. Huko wapo mbuzi wa pori wanaolisha kwenye kingo ambazo mwanadamu hawezi kusimama, na wana pembe ndefu zilizopinda. Nimekwisha kusikia mzaha wa kamati kuhusu sherehe ya Idi, na nasema mapema kwamba mbuzi hao waachwe walipo.

Karatasi ya kujiandikisha iko pale mezani kwa Bi. Katibu. Andikeni majina, ukubwa wa viatu kwa wale wanaohitaji kuazima, na umri wa watoto, ili kila mtoto apangiwe mkubwa wa kutembea upande wake wa bahari. Basi litaondoka saa moja kamili asubuhi, na ninaposema saa moja nina maana ya saa moja ya Kiswahili, ambayo kwa saa ya dereva ni saba; mwaka jana wapo waliosubiri hadi mchana. Asanteni sana. Mheshimiwa Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.